Tovuti ya redio yako: ufunguo uko mukononi mwa nani?

Jaribu kufungua leo tovuti za redio, mashirika na vyama vya wakulima vya hapa kwetu Mashariki, zile ambazo jina lake bado limeandikwa kwenye ukuta wa biro ao kwenye kichwa cha barua. Moja inafunguka, lakini habari ya mwisho ni ya miaka mitatu nyuma. Nyingine inaleta ukurasa mweupe. Nyingine tena, na hiyo ndiyo inachoma roho, jina lake limechukuliwa na watu wasiojulikana, na mama anayetafuta tangazo la chanjo anaangukia kwenye michezo ya kamari kwa luga asiyoijua.

Watu mingi wanasema si neno, redio ni sauti, tovuti ni pambo. Apana. Sauti ya hewani ikipita imepita. Ndugu zetu walio Kampala, Nakivale, Bujumbura ao Ulaya hawakamati FM yetu, wao wanatusoma. Na kama kesho vijiji viwili vinagombana tena juu ya mupaka wa malisho na mashamba, ni wapi mutu ataenda kusoma walikubaliana nini siku ile walipokaa pamoja? Kama tovuti imekufa, kimebaki kile wazee wanakumbuka, na kila muzee anakumbuka ya upande wake.

Tovuti ikikufa tunasema ni vita, ni umeme, ni wafadhili wameondoka. Vyote hivyo viko. Lakini ukiuliza vizuri, mara mingi unafika kwenye uamuzi uliofanywa siku ya kwanza, kwa haraka, siku projekti ilisema “mufungue tovuti mbele ya mwisho wa mwezi”: tutaijenga kwa programu gani, na ni nani ataishika?

Programu ya kuendesha tovuti ndiyo inamuruhusu mwandishi asiyejua ufundi aandike habari, aweke picha na sauti, abonyeze, na habari itokee. Kuko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni programu huria: WordPress, Drupal, Joomla, SPIP ya Wafaransa. Maandishi yake ya ndani, yale yanayoiambia mashini ifanye nini, yako wazi kwa kila mutu. Unaruhusiwa kuichukua bila kulipa, kuibadilisha, kuiweka kwenye mashini yoyote, hata kuigawia wengine. Ya pili ni ya biashara: Wix, Squarespace na wenzao. Hapo maandishi ya ndani ni mali ya kampuni. Wewe unalipa kwa mwezi ao kwa mwaka, na tovuti yako inakaa kwao, kwa sheria zao.

Kwenye mikutano utasikia hesabu moja tu: ile ni bure, hii ni ya kulipia, basi tuchukue ya bure. Hesabu hiyo inaacha nje jambo kubwa kuliko bei.

Tuchukue Joomla, juu jina lake ni letu. Walioipa jina walichukua neno la Kiswahili “jumla” wakaliandika kwa namna ya Kiingereza, maana walitaka kusema “sote kwa pamoja”. Mbele ya hapo programu hiyo iliitwa Mambo, na ilitoka kwa kampuni ya Australia yenye jina Miro. Ilikuwa huria, na mafundi wa nchi mbalimbali walikuwa wakiijenga kwa kujitolea. Mwaka 2005 kukaanzishwa shirika la kuisimamia, na mafundi wakaona kwamba kampuni inashika usukani na wao wanawekwa pembeni. Mwezi wa 8 mwaka ule ule, wale waliokuwa wakiijenga kila siku wakaondoka kwa pamoja. Hawakuondoka mikono mitupu. Leseni iliwaruhusu kubeba programu nzima. Wakaibeba, wakaipa jina jipya, na mwezi wa 9 toleo la kwanza la Joomla likatoka. Mwenye tovuti iliyojengwa kwa Mambo aliweza kuhama na habari zake zote, sababu ndani ilikuwa karibu kitu kimoja. Mambo yenyewe ikafifia polepole.

Hapo ndipo faida kubwa ya programu huria iko. Si bei. Ni kwamba wenye nyumba wakigombana, wewe muteja haufungiwi nje. Unabeba vitu vyako, unaenda.

Sasa tuangalie upande mwingine. Vijana waliokuwa wakienda siberi miaka ya 2000 wanakumbuka Skyblog. Ilikuwa ya Skyrock, redio ya Ufaransa, na ilianza mwaka 2002. Ilikuwa bure, rahisi, kwa Kifaransa, na vijana wa nchi zote zinazosema Kifaransa waliweka humo picha, mashairi, habari za mitaa yao. Tarehe 21 mwezi wa 8 mwaka 2023 Skyrock ikaifunga. Walitangaza mbele, na maktaba ya taifa ya Ufaransa ilichukua nakala kwa ajili ya historia, lakini mutu ambaye hakusikia tangazo, ao aliyesahau neno lake la siri, kitu chake kilitoka mukononi mwake. Angalia vizuri: Skyblog ilikuwa bure, lakini haikuwa huria. Hayo ni maneno mawili tofauti, na hapa kwetu tunayachanganya kila siku.

Na kwa zile za kulipia, bei inaweza kugeuka wakati wewe umekwisha kuingiza miaka ya kazi. Mwezi wa 5 mwaka 2004 kampuni ya Six Apart ilibadilisha masharti ya programu yake Movable Type, ikaanza kulipisha kulingana na hesabu ya waandishi na ya tovuti. Watu wakakasirika, na wengi wakahamia kwenye kitoto kilichokuwa na mwaka mumoja tu, WordPress. Leo WordPress inaendesha zaidi ya tovuti 40 kwa kila 100 duniani. Wale waliweza kuhama sababu Movable Type ilikuwa inaacha mutu atoe maandishi yake. Kwa Wix ni kazi nyingine: kampuni yenyewe inasema tovuti iliyojengwa kwao inakaa kwenye mashini zao tu, na haiwezi kutolewa ikawekwa fasi ingine. Ukitaka kuondoka, unakopi habari moja moja. Kwa redio yenye habari 4.000, hiyo ni kazi ya miezi.

Nisieleweke vibaya, programu za biashara ziko na uzuri wake, na mafundi wetu hawapendi kuusema. Ukiwa Wix ao Squarespace hauhangaiki na kusasisha, yaani kuiingizia programu matoleo mapya. Hauhangaiki na wezi wa intaneti, wala nakala. Kampuni inafanya. Kwa programu huria, hiyo kazi yote ni yako, na usipoifanya utalipa.

Tarehe 15 mwezi wa 10 mwaka 2014, wasimamizi wa Drupal walitangaza kwamba wamepata tundu kubwa kwenye toleo la 7, na wakatoa dawa yake siku ile ile. Wezi walisoma tangazo hilo pia. Majuma mawili nyuma yake wasimamizi wakatoa onyo lingine, kali kabisa: tovuti yoyote ya Drupal 7 ambayo haikuwekewa dawa ndani ya muda wa saa 7 kutoka tangazo la kwanza, mwenyewe aihesabu kama imekwisha kuingiliwa. Saa 7! Hapa kwetu umeme peke yake unaweza kupotea siku mbili, na fundi naye yuko safarini Uvira. Drupal si programu mbaya. Tovuti ya Radio Okapi imejengwa kwayo, na Ikulu ya Marekani iliitumia kutoka 2009 mpaka 2017 ilipohamia WordPress. Lakini Radio Okapi si redio ya watu watano na gurupe moja ya umeme.

Kwa hiyo “bure” ya programu huria ni sawa na mutu kukupa mutoto wa ng’ombe bila kulipa. Asante sana, lakini majani ni nani atakata? Hesabu ya kweli iko hivi: jina la tovuti linalipwa kila mwaka, nafasi kwenye seva inalipwa kila mwezi ao kila mwaka, na fundi analipwa. Wafadhili wengi wanalipa kujenga, hawalipi kulinda. Projekti ikiisha, fundi anaacha kupita, na tovuti inabaki na mulango wazi. Nionavyo mimi, redio inayopewa dola za kujenga tovuti bila dola za kuilinda kwa miaka miwili ao mitatu, heri iseme hapana, ao ipunguze urembo ili pesa ibaki.

Halafu kuko jambo la kulipa lenyewe. Ndani ya miji yetu tunalipa kwa mukono ao kwa telefone. Kampuni za ng’ambo zinataka kadi ya benki, na zinataka tarehe ile ile kila mwezi. Goma ilipochukuliwa mwishoni mwa mwezi wa 1 mwaka 2025, kiisha Bukavu mwezi wa 2, mabenki yalifunga milango. Mutu aliyezoea kwenda kwenye gishe kuweka dola kwenye kadi akakosa gishe. Kompyuta ya kampuni haijui vita. Tarehe ikifika inatafuta pesa, ikikosa inatuma barua pepe mbili tatu, kiisha inafunga. Mutu wa programu huria naye anapigwa hapo, tusidanganyane, maana seva na jina vinalipwa kwa njia ile ile. Tofauti inakuja kesho yake. Mwenye nakala yake ya WordPress anaweza kutafuta mutu mwingine wa kuikaribisha, hata yule anayepokea pesa kwa telefone, na ndani ya siku moja ao mbili habari zote ziko hewani tena. Mwenye tovuti ya Wix iliyofungwa anaanza upya, ao anaomba kampuni imuvumilie.

Dawa moja ndogo ipo kwa upande wa jina. Jina linaloishia na .com ao .org unaweza kulilipia mbele mpaka miaka 10. Kama projekti iko na pesa leo, hiyo ni dola chache zinazolala salama kuliko dola zilizoingia kwenye picha zinazocheza cheza juu ya ukurasa na kukula mega za musomaji.

Je, programu huria haina mukubwa? Iko naye. Mwaka 2024 dunia ya WordPress ilitikisika. Matt Mullenweg, mumoja wa wawili waliyoianzisha mwaka 2003, aligombana na WP Engine, kampuni ya Marekani inayokaribisha tovuti nyingi za WordPress. Alisema wanakula kwenye programu bila kuirudishia kitu, na kwamba wanatumia jina lake bila haki. Mwezi wa 9 akawafungia njia ya kupata vitu kwenye WordPress.org, ile ghala kubwa ambako tovuti zote zinachota matoleo mapya na viongezo, yaani vile vipande vya programu vinavyoongeza kazi kwenye tovuti. Wateja wa WP Engine, watu waliolipa vizuri na wasiokuwa ndani ya ugomvi, wakajikuta hawawezi kusasisha kwa njia ya kawaida. WP Engine ikaenda mahakamani California mwezi wa 10, na tarehe 10 mwezi wa 12 hakimu akaamuru kwa muda kwamba njia ifunguliwe.

Kuko watu walisema wakati ule: munaona, huria ni jina tu. Mimi ninasoma kisa hicho namna ingine. Programu yenyewe hakuna aliyeweza kuwanyanganya. Kilichofungwa ni ghala, na ghala liko mukononi mwa mutu. Kwa hiyo hata upande wa huria swali linabaki lile lile: ufunguo gani uko kwako, na gani uko kwa mwingine?

Turudi hapa kwetu, maana hapa ndipo tunapoteza zaidi, na Wix wala Mullenweg hawana kosa. Uliza redio yako: jina la tovuti limeandikishwa kwa nani? Mara mingi utakuta ni kwa barua pepe ya fundi, ile yake binafsi. Kijana alikuwa mwema, alitaka kusaidia, hakukuwa na barua pepe ya redio, akatumia yake. Miaka miwili kupita, ameenda Lubumbashi ao Canada, telefone haishikwi, na barua za kukumbusha malipo zinaingia kwenye sanduku ambalo hakuna mutu anafungua. Fikiria parseli. Fundi mwashi akijenga nyumba yako, ungekubali karatasi za parseli ziandikwe kwa jina lake? Hakuna mutu mwenye akili angekubali. Lakini kwa jina la tovuti tunakubali, sababu hatuoni karatasi.

Na jina likikufa, kila kitu kilichounganishwa nalo kinakufa. Nchi yetu inajua: ilipokuwa Zaire, anwani zake za intaneti ziliishia na .zr. Mwaka 1997 tukaingia kwenye .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Leo hakuna anwani hata moja ya .zr inayofunguka.

Neno la siri nalo, ile wengi wanaita modepasi. Kwenye redio nyingi liko na mutu mumoja. Liandikwe, liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye kabati ya mukurugenzi, na mutu wa pili wa kamati ajue iko wapi. Fundi akiondoka, linabadilishwa siku ile ile. Hiyo haitaki projekti wala semina.

Kama munaniuliza tuchague nini, nitasema wazi. Kwa redio inayoandika kila siku, WordPress ao SPIP, kwenye seva ya kawaida, na sura nyepesi isiyomaliza mega. SPIP inatumika tangu 2001, Kifaransa ndicho luga yake ya kuzaliwa, na gazeti la Le Monde diplomatique linaijua vizuri. Ubaya wake ni kwamba vijana wetu mafundi wanaijua kidogo, na programu ambayo hakuna mutu wa muji wako anaijua ni sawa na pikipiki isiyokuwa na vipuri. WordPress iko na mafundi karibu kila muji. Viongezo viwe vichache, vitano ao sita, sababu kila kiongezo ni mulango mwingine wa kuchunga, na wezi wanapenda kupita kwenye kiongezo kilichosahauliwa. Joomla inafaa pia kama fundi wenu ameizoea. Drupal muiachie wenye fundi wa kulipwa kila mwezi.

Na chama cha mama wauza samaki wa Kalemie, kinachotaka ukurasa mumoja wenye anwani, namba ya telefone na picha tatu? Kichukue ya biashara kama kiko na njia ya kulipa, hakuna haya ndani yake. Jina tu liandikishwe kwa chama, maandishi yabaki pia ndani ya ordinatere ya chama, na siku kampuni ikiwachosha wanahamisha ukurasa mumoja, si habari 4.000.

Intaneti yenyewe inaweza kukatwa, kama ilivyokatwa nchi nzima tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya uchaguzi, karibu majuma matatu. Siku zile programu huria na ya biashara zililala pamoja. Aliyekuwa na nakala ndani ya biro aliweza angalau kufungua habari zake, kuzisoma hewani, kutafuta nani alisema nini mwezi uliopita.

Nakala ya WordPress ni vitu viwili: dosie ya mafaili, na ghala la data ambamo maandishi yanalala. Watu wengi wanachukua dosie peke yake, wanafurahi, na siku ya shida wanakuta picha ziko lakini hakuna hata sentensi moja. Muchukue vyote viwili, kila juma, kwenye fulashi mbili zinazolala nyumba tofauti. Sauti ni nzito, ziwekwe kwenye diski yake.

Kiisha, mbele ya kumulipa fundi sehemu ya mwisho ya pesa yake, mumuombe jambo moja. Akae mbele ya kamati, ordinatere isiyounganishwa na intaneti, achukue fulashi ile, airudishe tovuti nzima hapo mezani. Muchague wenyewe habari ya mwaka jana, museme ifunguliwe. Ikifunguka na picha yake, musaini. Isipofunguka, pesa ibaki ndani ya kabati mpaka ifunguke.